Mchezo wa Ngumi na Mieleka kwa Vijana Wetu: Yasemwayo na Yaliyo Kweli



Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Bweri limeingia jambo linalowagombanisha wazazi na watoto wao. Kijana wa miaka kumi na sita humwambia baba yake kwamba ataka kujifunza mchezo wa kupigana, ambao vijana huuita kwa herufi zake tatu, MMA. Nao ni mchezo uliochanganya ngumi, mateke na mieleka ukavifanya kitu kimoja. Baba husikia neno kupigana akaghadhibika. Mama hukumbuka uso uliojaa damu aliouona katika simu ya mwanawe akasema haiwezekani. Kijana naye hunyamaza kwa adabu, kisha jioni yake huenda nyuma ya maduka ya stendi pamoja na wenzake watatu, wakaigiza yale waliyoyatazama katika simu, juu ya ardhi ngumu, pasipo mwalimu.

Jambo hili la mwisho ndilo linitialo hofu kuliko mchezo wenyewe. Vijana wa namna hiyo ninao katika madrasa yangu, na wazazi wao wamenijia mmoja baada ya mwingine wakitaka niseme neno moja tu, halali au haramu, wapate kwenda zao. Lakini hapana budi kwanza mtu akijue kile anachokihukumu. Kwani katika mazungumzo hayo nimeona ya kuwa wazazi wanaukataza mchezo usiokuwapo, na vijana wanaupenda mchezo usiokuwapo.

Na tuanze na asili yake. Katika mwaka wa 1882 mwalimu mmoja wa Japani, jina lake Jigoro Kano, alizichukua mbinu za zamani za mieleka ya nchi yake, akaziondoa zile za kuvunja na kuua, akaziita judo. Mmoja katika waliojifunza judo hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka wa 1914, na huko akawafundisha watu wa ukoo wa Gracie, ambao waliyaendeleza zaidi mapigano ya chini, yaani ya watu wawili walioangukiana. Miaka mingi ikapita. Wazee wetu wanaomkumbuka Muhammad Ali kwa pambano lake la Kinshasa la mwaka wa 1974 pengine hawakumbuki kwamba tarehe 26 Juni 1976 alikwenda Tokyo kupigana na mpiga mieleka Antonio Inoki. Raundi kumi na tano zikapita, Inoki akiwa amelala chali karibu muda wote akimpiga Ali mateke ya miguu, na Ali akirusha ngumi chache sana. Ikawa sare, watazamaji wakazomea, na miguu ya Ali ikavimba hata akahitaji matibabu. (Huyu Ali ndiye aliyekuja Dar es Salaam mwezi wa Februari 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani atutake tuisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, akakataa kuonana naye.)

Basi swali la zamani, nani hodari, mpiga ngumi au mpiga mieleka, lilipata jawabu tarehe 12 Novemba 1993 katika mji wa Denver, Marekani. Waliingizwa watu wanane wa mbinu mbalimbali katika kizimba cha pembe nane, na aliyewashinda wenzake watatu kwa usiku mmoja alikuwa Royce Gracie, wa ukoo ule wa Brazili, mtu wa kilo kama themanini hivi, mbele ya watu waliomzidi umbo. Mpiga ngumi mmoja alikuja amevaa glavu mkono mmoja tu, na alipokaliwa kifuani akaona hana la kufanya, akakubali ameshindwa.

Sasa, husemwa na wazazi ya kwamba mchezo huu hauna sheria, mtu hupigwa mpaka afe. Neno hili lilikaribia kuwa kweli mwaka ule wa 1993, kwani masharti yalikuwa machache mno, hata mwaka wa 1996 Seneta John McCain aliwaandikia magavana wa majimbo yote ya Marekani akiwataka waupige marufuku, akiufananisha na kupiganisha majogoo. Lakini mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka wa 2000 ziliandikwa kanuni katika jimbo la New Jersey, na kanuni hizo ndizo zifuatwazo hata leo katika mahali pengi. Ni haramu kupiga kisogo wala uti wa mgongo, kutia vidole machoni, kuuma, kupiga kichwa kwa kichwa, kupiga sehemu za siri, kumpiga teke la kichwa mtu aliyekwisha anguka. Watu hupangwa kwa uzito. Raundi ni dakika tano, aghalabu tatu, na tano katika mapambano ya ubingwa. Yuko refa, yuko daktari, na mwenye kuona yamemfika humpiga mwenziwe kofi jepesi mara mbili au tatu, na papo hapo mambo yamekwisha.

Wengine huuchanganya na ile mieleka ya televisheni ambayo majitu hurukiana kutoka juu ya kamba. Ile ni michezo ya kuigiza; mshindi amekwisha kupangwa kabla hawajaingia. Mtoto mdogo asiachwe kuiga lolote katika hayo, kwani mle waruka watu waliojifunza miaka mingi namna ya kuangukiana pasipo kuumizana.

Wala mtu asidhani kwamba mapambano ya kanuni ni kitu kilicholetwa kwetu na simu. Pwani kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Lamu na Pemba, ambao mtu huonyesha ustadi wa kupiga na kukinga huku ngoma zikilia. Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai, wanaume hupigana kwa mapwapwa ya migomba na kumaliza hasira za mwaka. Judo ilianzishwa Zanzibar na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia huko na kuwafundisha vijana wa Kiislamu, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 2024 Tanzania ilikuwa na mchezaji wake wa judo, Andrew Thomas Mlugu. Na huo MMA wenyewe si mbali nasi tena: mwezi wa Oktoba 2025 mashindano makubwa ya shirika la PFL, tawi la Afrika, yalifanyika Kigali. Mwenyekiti wa tawi hilo wakati ule alikuwa Francis Ngannou wa Kameruni, ambaye utotoni alichimba mchanga kwa ujira, kisha mwaka wa 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa dunia.

Ndugu wasomaji, niliona si vyema kuandika kwa kusikia tu. Mwaka uliopita, nilipokwenda Dar es Salaam kumzuru ndugu yangu aliyekuwa mgonjwa, niliomba ruhusa kukaa pembeni mwa ukumbi mmoja wa mazoezi. Nilikaa kwa saa moja na nusu, na katika muda huo wote sikuona ngumi hata moja iliyofika katika uso wa mtu.

Kwanza walikimbia na kunyoosha viungo. Kisha kwa muda wa dakika ishirini nzima walijifunza kuanguka. Naam, kuanguka! Kidevu hushikizwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo huviringwa kama wa mtoto aliyejikunja, na mkono huligonga godoro upesi ili kishindo kitawanyike, kisifike chote katika kiungo kimoja. Mwalimu wao aliniambia kwamba mwanafunzi hafundishwi kumwangusha mtu kabla hajajua yeye mwenyewe kuanguka. Mzee mwenzangu aliyewahi kuteleza bafuni ataona mara moja faida ya elimu hii.

Baada ya hapo wakawa wawili wawili. Mmoja analala chali, mwenziwe amemkalia kifuani, na kazi ya aliye chini ni kutoka. Hatoki kwa nguvu. Hushika mkono mmoja wa aliye juu, huuzuia mguu wa upande huo huo, huinua nyonga, kisha hugeuka. Na jitu la kilo tisini likajikuta liko chini. Walifanya hivyo polepole, mara ishirini, mara thelathini, kama mtoto arudiavyo herufi katika ubao. Mimi nimefundisha kusoma kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na nilipowatazama nilitambua kwamba hii ni kazi ileile ya kukariri mpaka kitu kikae.

Mwisho wakafundishwa kabari. Hapa nilijiinua kitini, maana kabari hapa kwetu ni silaha ya wanyang'anyi wa usiku. Kabari ya mchezo haikusudii koo lipitalo pumzi. Hukusudia mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo kando za shingo. Ikibanwa barabara, mtu huzimia kwa muda wa kama sekunde kumi. Basi yule aliyeshikwa, mara tu aonapo kwamba hana njia, humgonga mwenziwe mkononi kwa kofi, na mwenziwe huachia. Hangoji la pili. Niliona kijana mpana wa mabega akikabwa na kijana mwembamba ambaye hakufika begani pake; akagonga, akaachiwa, wakapeana mikono, wakaanza tena. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema kwamba asiyeachia upesi hufukuzwa siku ile ile, kwa kuwa hakuna atakayekubali tena kumpa shingo yake.

Hapo ndipo lilipo jawabu la wazazi wasemao kwamba mchezo huu humfanya kijana kuwa jambazi. Mnyang'anyi wa stendi hakwenda shule ya kukaba. Alijifunza kukaba asijifunze kuachia. Kijana ambaye kila jioni hugonga mara tano, mara kumi, kukiri mbele ya wenzake kwamba ameshindwa, majivuno yake hupungua. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha masahaba ya kuwa shujaa hapimwi kwa kuwabwaga watu, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapokasirika, nao wanachuoni wamesimulia pia habari ya Mtume kupigana mieleka na Rukana na kumwangusha, ijapokuwa Tirmidhi ametaja udhaifu katika isnadi yake.

Lakini nisiwape wazazi nusu ya habari. Vijana wetu wa madrasa humpenda sana Khabib Nurmagomedov, Muislamu wa Dagestan aliyefundishwa na baba yake tangu utotoni, ambaye alistaafu tarehe 24 Oktoba 2020, akiwa ameshinda mapambano 29 pasipo kushindwa hata moja. Baba yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma, naye alimwahidi mama yake kwamba hatapigana tena bila ya baba, akatimiza. Hayo ni ya kusifiwa. Pamoja na hayo, tarehe 6 Oktoba 2018 huko Las Vegas, baada ya kumshinda hasimu aliyemtukania baba yake, dini yake na nchi yake, aliuruka uzio wa kizimba akawavamia watu wa upande wa pili, pakawa na ghasia kubwa. Alitozwa faini ya dola 500,000 na kufungiwa miezi tisa, na usiku ule ule aliomba radhi hadharani. Mtu aliyeweza kuwashinda wote hao kizimbani alishindwa na hasira kwa dakika mbili. Nawaambia vijana wangu: mkimtaja, mtajeni kwa yote mawili.

Sasa nageukia yale wanayodanganyika nayo vijana wenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

La kwanza ni glavu. Kijana hudhani ya kuwa akivaa glavu amekwisha salimika, yeye na mwenziwe. Glavu hulinda mifupa ya mkono wa apigaye. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai, na kichwa kikitikiswa, nao hutikisika, glavu iwepo isiwepo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walizitazama habari za wapiganaji waliopimwa na daktari baada ya mapambano tangu mwaka wa 2000 hata 2013, zaidi ya elfu moja na mia moja wa MMA na mia tano na hamsini wa ndondi. Waliokutwa na jeraha la aina yoyote ni 59 katika kila mia kwa MMA, na 50 katika kila mia kwa ndondi. Lakini waliopoteza fahamu walikuwa 7 katika mia kwa ndondi, na 4 katika mia kwa MMA. Kwa hiyo wazazi wanaoruhusu ndondi na kuuogopa MMA wamegeuza mambo. Na vijana wasemao kwamba MMA ni salama nao hawakusema kweli, kwani watu wanne kuzimia katika mia si jambo dogo kwa wazazi wa hao wanne.

Tena mwenye kuzimia kwa pigo hakulala usingizi. Ubongo wake umeumia. Hafai kurudi mazoezini siku ile, wala kesho yake. Na akitapika, akiumwa kichwa kwa kuzidi, au akiongea mambo yasiyofuatana, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Madhara ya mapigo mengi ya kichwa kwa mabondia yaliandikwa na daktari Harrison Martland tangu mwaka wa 1928, basi hapana wa kusema leo kwamba hakuambiwa. Muhammad Ali alitangazwa kuwa na maradhi ya kutetemeka mwaka wa 1984, akaishi nayo mpaka alipofariki mwaka wa 2016. Madaktari hawakuafikiana ngumi zilichangia kiasi gani, ila hakuna aliyesema zilimfaa.

La pili ni kupunguza mwili kwa haraka. Kwa kuwa watu hupangwa kwa uzito, wako wanaojikausha maji siku chache kabla ya kupimwa, ili wapigane na walio wadogo kuliko wao. Mwezi wa Desemba 2015, mjini Manila, kijana wa Kichina Yang Jian Bing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki kwa sababu hiyo kabla hajapigana, na waandaaji wa shindano wakabadili kanuni zao baadaye. Nimemwona hapa Bweri kijana akikimbia mchana wa jua kali, amejifunga mifuko ya nailoni mwilini, ati akonde. Mzazi akiona hivyo amzuie pale pale, na katika mwezi wa Ramadhani awe macho zaidi.

Kuhusu utajiri, wanaotajirika kwa mchezo huu ni wachache sana, na wala sitapoteza wino. Na kuna wale ambao hawachezi kitu, kazi yao ni kuweka pesa katika simu juu ya nani atashinda. Hao huiita karatasi yao mkeka. Mkeka tuujuao sisi ni wa kuswalia, na huo mwingine ni kamari, haramu yake haina mjadala.

Basi halali au haramu? Wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka, chini ya Rabita, walikutana mwezi wa Oktoba 1987 wakaamua kwamba ndondi haifai katika sheria yetu, na kadhalika mieleka ya huria ambayo kila mmoja ameruhusiwa kumdhuru mwenziwe. Bali mieleka ya mazoezi isiyokusudia madhara wakaihalalisha. Sababu yao ni madhara, na ile hadithi sahihi iliyotukataza kupiga uso. Kwa rai yangu, pambano la MMA la kizimbani, ambamo uso ndio unaolengwa, limeingia chini ya sababu ile ile. Ama kujifunza kuanguka, kushika, kujinasua, kupiga mfuko na mito ya mazoezi, hiyo ni riadha kama riadha nyingine, na Mtume (s.a.w.) amemsifu muumini mwenye nguvu.

Kwa hiyo mzazi asiulize jina la mchezo tu, aende mwenyewe akamwone mwalimu. Amuulize alijifunzia wapi na kwa miaka mingapi. Amuulize kama vijana hupigana vichwa katika mazoezi. Akijibu kwamba ndivyo wanavyokomaa, amchukue mwanawe warudi nyumbani. Atazame godoro lipo au ni saruji. Aangalie mavazi, kwamba kitovu hata magoti vimesitiriwa, na saa ya Magharibi watu huachiwa wakaswali. Na mabinti? Wao wanahitaji kujua kujinasua kuliko hata kaka zao. Wakipata mwalimu mwanamke na mahali pa faragha, sioni kwa nini wanyimwe.

Hapa kwetu, tangu mwanzo wa mwaka, vijana kumi na wawili wa madrasa hukutana kila Jumamosi baada ya Alasiri katika uwanja wa nyuma. Anayewafundisha ni mtu mzima wa mtaani aliyejifunza judo alipokuwa jeshini. Godoro hatuna, tumeleta mchanga wa ziwani mikokoteni saba, tukauchekecha usiwe na kokoto wala makombe, na kila juma hugeuzwa kwa jembe usishikamane. Ngumi hazimo. Mpaka sasa amevunja sharti la uso kijana mmoja tu, naye aliketishwa kando majuma mawili, kazi yake ikiwa kuugeuza mchanga.